Mposaji Aliyefika Kinyumenyume

Gari tulilikodi Old Kampala, kwenye gereji iliyokuwa ya Mhindi mpaka Wahindi walipofukuzwa, kisha ikagawiwa Hajji mmoja ambaye hata tairi hakujua kubadilisha. Lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Nililizunguka mara mbili, nikapiga teke tairi la mbele kama nilivyowaona madereva wa polisi wakifanya, nikauliza habari za gia. Hajji akasema gia zote nzima, ila namba moja ina tabia yake. Nilimwachia kitambulisho changu cha kazi na jina la baba yangu liwe dhamana. Baba alikuwa sajini wa polisi, na katika miaka ile ya utawala wa jeshi jina la sajini lilifungua milango ambayo cheti cha shule hakikuweza hata kuigonga.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi umeme wa serikali, na nilikuwa nakwenda kuposa.

Msichana mwenyewe aliishi Bukoto, kwenye fleti, pamoja na binamu yake. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Tulikuwa pamoja mwaka wa tatu, na nilikuwa nampenda kwa namna ambayo leo naona haya kuieleza. Kwao ni Bugala, kile kisiwa kikubwa ndani ya ziwa, na huko alilelewa na shangazi yake, dada wa baba. Kwa desturi ya Waganda, mwanamume hafiki kwa wazee wa binti kabla hajapita kwa shangazi. Shangazi, ambaye wao humwita senga, anakutazama, anapokea ulichobeba, na akikupenda yeye mwenyewe ndiye anakupeleka kwa kina baba. Asipokupenda, unarudi ulikotoka. Tena mposaji hajisemei. Anakaa mkekani, macho chini, na msemaji wake ndiye anayenena. Ukinyamaza sana ndiyo watu wanasema huyu amelelewa.

Mimi ni mtoto wa kota za polisi. Baba mtu wa West Nile, wa kanisani. Mama Mnubi, Mwislamu, babu yake aliletwa na Waingereza akiwa askari kutoka Sudani. Nyumbani tulifunga Ramadhani na tulikula Krismasi, na hakuna aliyeona ajabu. Kilichotuunganisha ni Kiswahili. Kwa hicho tuligombana, tulichumbiana, tuliomba mvua na kufokea watoto. Kiganda nilikisikia chote, lakini nilikizungumza kwa kiasi cha kununulia ndizi sokoni. Nikizidisha hapo, watoto wa jirani walianguka kwa kucheka.

Kwa hiyo nilihitaji msemaji, na rafiki nilikuwa naye. Tulifanya kazi karakana moja. Alikuwa amepanga chumba Kamwokya, Mganda halisi, mwenye ulimi laini kiasi kwamba hata waliomdai waliondoka wakimshukuru. Mwanzoni kabisa, nilipokuwa naona aibu kumkabili msichana, yeye ndiye aliyekuwa anapeleka salamu zangu Bukoto. Nilipomwambia sasa ni wakati wa kwenda kwa shangazi, alijitolea kabla sijamaliza kuomba. Nikamshika mkono nikamwita ndugu. Mtu akijitolea upesi namna ile, siku hizi huwa nakaa chini nafikiri kwanza.

"Mukwano," aliniambia, yaani rafiki yangu, "kwa balabala utaongea wewe. Kule kwa kisiwa ntaongea mimi. Wewe hapana fungua mudomo."

Yalikuwa makubaliano ya akili. Wakati ule askari walikuwa wanaweka mapipa na magogo katikati ya barabara zote zinazotoka Kampala. Ukiwajibu kwa Kiganda, unaweza kulazwa tumbo chini huku gari linapekuliwa. Ukiwajibu kwa Kiswahili cha kambini, kile chenye mzaha ndani yake, walikuomba sigara wakakuaga. Kwa Waganda ilikuwa kinyume chake. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya mtu aliyekuja kukuchukua. Nilijua hivyo kama ninavyojua mvua inalowesha, yaani nilijua bila kufikiria.

Zawadi zilitoka kambini. Maduka ya mjini yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, lakini duka la polisi bado lilipata vitu, na baba alisimama foleni mwenyewe akiwa na sare yake. Tulipata sukari, chumvi, mafuta ya taa na miche ya sabuni. Mama aliifunga sabuni ndani ya kanga yake mpya, ambayo alikuwa hajaivaa hata mara moja. Akaniambia, "Mwambie huyo mama kwamba na sisi tumezaa mabinti, tunajua uchungu wa kuwatoa."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, mimi kwenye usukani, kanzu nyeupe na koti jeusi, rafiki yangu kando yangu kavaa vivyo hivyo. Vizuizi vilikuwa vitatu. Viwili tulivipita kwa salamu tu. Kwenye cha tatu, askari mmoja mwenye macho mekundu alimwamuru rafiki yangu ashuke, akamuuliza anakwenda wapi, na mwenzangu akababaika akaanza kujibu kwa Kiganda. Niliona shingo yake inatoa jasho. Nikashuka upande wangu, mikono ikionekana, nikasema, "Afande, huyu ndugu yangu. Anakwenda kunisemea ukweni, mimi mwenyewe nimekatazwa kuongea."

Askari akanitazama kanzu. "Umekatazwa na nani?"

"Na wakwe, afande."

Akacheka mpaka akaegemea pipa. "Basi peleka yeye salama. Bila yeye wewe utalala peke yako mpaka uzeeke."

Rafiki yangu alijifuta shingo kwa leso mpaka tulipofika kwenye pantoni. Nilimpigapiga goti, nikamwambia mambo yamekwisha. Nakumbuka nilijisikia mkubwa siku ile, mtu mwenye uwezo wa kumkinga mwenziwe.

Kutoka kwenye pantoni kisiwa kinaonekana kama mkeka uliotandikwa juu ya maji. Ni uongo mtupu. Ukishateremsha magurudumu ardhini unakuta ni migongo na mabonde, mgongo baada ya mgongo, na barabara imepita juu yake bila huruma. Ilikuwa barabara ya udongo mwekundu, upana wake gari moja na mbuzi mmoja. Kulia msitu, kushoto mteremko unaoishia ziwani, na katikati majani marefu yaliyokuwa yanakwaruza tumbo la gari. Kila nikifika kileleni nilikuwa naona anga tu, sioni barabara, mpaka pua ya gari ishuke. Hapo ndipo unagundua kwamba mbele kuna kona, na kwenye kona kuna ng'ombe. Kupishana hakukuwezekana. Tulikutana na lori moja tu la samaki, na nilirudi nyuma karibu nusu ya kilima kulipisha.

Kijiji cha kwanza nilisimama kuuliza njia, na kwa mazoea nikauliza kwa Kiswahili. Mama aliyekuwa anauza samaki aliinuka akaondoka, akaacha samaki wake palepale kwenye jani la mgomba. Mzee mmoja mwenye baiskeli aligeuka akaingia kichakani na baiskeli yake.

"Umeona?" rafiki yangu akasema. "Nilikuambia nyamaza."

Nilicheka. Nilicheka kweli, kwa jinsi yule mzee alivyokuwa anahangaika na baiskeli kwenye miiba. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Tabia ya gia namba moja niliijua kwenye kilima cha pili. Ilikuwa inachomoka. Ukipanda, katikati ya mlima inaruka yenyewe kwa kishindo, gari linaanza kurudi nyuma, na wewe unakanyaga breki huku unamtaja Mungu kwa majina ya dini zote mbili. Vilima vidogo nilivishinda kwa kuvikimbilia na gia namba mbili. Lakini nyumba ya shangazi ilikuwa juu kabisa ya mgongo wa mwisho, na njia ya kwenda huko ilisimama mbele yetu kama ukuta. Nilijaribu mara mbili nikarudi chini mara mbili. Rejeta ikaanza kutoa moshi.

Nilimwomba rafiki yangu ashuke aweke mawe nyuma ya magurudumu. Akatazama udongo, akatazama kanzu yake. Basi nikavua mimi. Nilivua koti, nikavua kanzu, nikavikunja vizuri nikaviweka kiti cha nyuma, nikabaki na fulana na suruali kuukuu. Nikaweka mawe, nikashuka ziwani na debe, nikarudi nikatia maji. Kisha nikafanya nilichofundishwa kota na madereva wa Landirova za polisi: nikageuza gari, nikaupa mlima kisogo, nikaingiza rivasi. Gia ya kurudi nyuma ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote, na hiyo haikuwa na tabia.

Tulipanda kinyumenyume. Mlango wangu ulikuwa wazi, kichwa nje, shingo imepinda, mkono mmoja kwenye usukani, na kila kitu ni kinyume, ukitaka kulia unafikiria kushoto. Mwenzangu alikaa akitazama ziwa linavyozidi kushuka mbele yake, kanzu yake haina hata doa. Tuliibukia uani kwa shangazi tukiwa tumetanguliza matako ya gari. Kuku walitawanyika. Wanawake walitoka jikoni, wanaume wawili wakainuka kwenye viti, na mtu mmoja akapiga makofi.

Nilizima injini nikafungua mlango wa nyuma haraka kuchukua kanzu yangu. Shangazi alikuwa amekwisha kupiga magoti mlangoni, kama wanawake wao wanavyosalimia wageni. Mama mrefu, mwembamba, mwenye gomesi ya kijani, lile gauni refu la Waganda la mabega yaliyochongoka. Rafiki yangu alikuwa anamwendea bila kunisubiri.

Alisalimu kwa Kiganda kirefu kinachotakiwa. Halafu akasema, na maneno yake nayaeleza kama nilivyoyasikia, "Senga, ni mimi niliyekuja. Ni mimi yule ambaye binti yenu amewatajia."

Shangazi akainua macho, akanitazama juu ya bega la rafiki yangu. "Na huyu?"

"Huyu ni dereva. Gari ni la kukodi, limekuja na dereva wake."

Nilikuwa nimeingiza mkono mmoja ndani ya kanzu.

Nimeulizwa na watu wachache niliowahi kuwasimulia: kwa nini hukusema? Wanauliza wakiwa wamekaa. Kwanza nilikuwa nimekatazwa kusema, kwa desturi yao na kwa ahadi yangu mwenyewe. Pili, ningesema kwa lugha gani? Nilikuwa nimetoka kuona samaki walioachwa barabarani. Ningefungua mdomo pale, mwanamume aliyelowa jasho mwenye fulana, mtoto wa polisi, nikaanza kufoka kwa Kiswahili mbele ya mama aliyepiga magoti. Tatu, na hili ndilo la kweli zaidi, rafiki yangu aligeuza kichwa akanikonyeza. Nikajidanganya kwamba ni mbinu. Nikajiambia anatuingiza ndani kwanza, wakishamzoea atawaeleza taratibu, huyu ni ndugu yangu, leo asubuhi tu nimemtoa mikononi mwa askari. Nikautoa ule mkono kwenye kanzu.

Shangazi alikuja mpaka kwenye gari mwenyewe. Aliongea Kiswahili cha kubahatisha, amesimama hatua tatu kutoka kwangu, macho kwenye mikono yangu. "Dereva, asante sana. Wewe najua gari. Kaa hapa, chakula nakuja."

Chakula kilikuja, samaki na matoke ndani ya majani, kikawekwa juu ya boneti. Nilikula. Kilikuwa kitamu, na hata hilo nalichukia. Kupitia dirishani nilisikia sukari inatolewa, chumvi inatolewa, kila kitu kikitajwa kwa sauti. Nilisikia mtu anaisifu kanga ya mama yangu. Rafiki yangu akasema, "Mama yangu ameileta kwa mkono wake," na wanawake wakapiga vigelegele. Pale nilijua si mbinu. Mtu anayetega mtego wa kumsaidia mwenziwe hamwibii hata mama.

Yeye alilala ndani, mimi nililala garini. Asubuhi shangazi alimuaga kama mkwe, akamwambia sasa atampeleka kwa kina baba. Mimi akanipa kichane cha ndizi za njiani.

Nilisubiri tufike kwenye pantoni, mahali ambapo hawezi kukimbia. Nikamshika ukosi wa kanzu mbele ya abiria. Nikamwambia amenichezea shere, amenilia njama, na maneno mengine ambayo nilijifunza kota na siyaandiki hapa. Hakujitetea kama nilivyotarajia. Alisubiri nichoke.

"Ni yeye mwenyewe ndio alinituma," akasema.

"Nani?"

"Yeye. Mwulize."

Nikamwambia ni mwongo. Akarudia, "Mwulize tu, mukwano." Alithubutu kuniita mukwano.

Kwenye kizuizi walikuwa askari wengine. Mmoja aliinama dirishani, akamwelekezea rafiki yangu kidole, akaniuliza, "Huyu nani?" Nilikuwa na sentensi moja mdomoni: simjui, afande, ameomba lifti. Ingetosha. Miaka ile ilitosha kabisa. Nilimtazama mwenzangu, na alikuwa anajua ninachofikiri, maana alifumba macho. Nikasema, "Ndugu yangu, afande." Mtu asinisifu. Nilitaka afike hai Bukoto aseme uongo wake mbele ya msichana, nimwone anavyoumbuka. Hata hilo alininyima. Tulipofika Kamwokya nilipunguza mwendo kupisha watu wa sokoni, akafungua mlango akaruka, akapotea na kanzu yake kati ya mafungu ya mihogo. Alimwoa yule msichana baadaye, kanisani. Nasikia wana watoto wanne.

Nilikwenda Bukoto peke yangu. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wamekaa nje kwenye ngazi wanasukana nywele. Nilipanda ghorofa ya pili nikagonga, nikasema ni mimi. Alifungua. Binamu yake hakuwepo.

"Senga amekubali?" akauliza.

"Amemkubali nani?"

Akatazama sakafu. Hapo moyo wangu ulikufa kabla hajasema lolote, lakini nilitaka aseme. Nikamwambia rafiki yangu ananiambia ametumwa na wewe, nimekuja usikie uongo wa mtu. Alikaa kitandani akashika ukingo wa godoro.

"Si uongo. Ni mimi nilimwambia."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka uliopita. Nilimwuliza kama nilimkosea, kama niliwahi kumpiga, kumtukana, kumlaza njaa. Alitikisa kichwa kwa kila swali. Nikaendelea kuuliza maswali ya kijinga kwa sababu kila moja lilikuwa na jibu zuri.

"Kaka yangu," akasema mwishowe.

Nilijua kaka yake alipotea. Wengi walipotea, na mtu akikuambia ndugu yake amepotea ulikuwa unasema pole na unabadilisha mazungumzo. Nilisema pole. Sikuwahi kumwuliza zaidi ya hapo, miaka mitatu.

"Walikuja hapa, kwa nyumba hii," akasema. "Mchana, kama sasa. Walipiga mulango vizuri tu, kama wewe. Wakaongea kama wewe. Mmoja alikuwa mzuri, akaniambia dada usiogope, akacheka. Kama wewe kabisa. Wakaweka yeye kwa buti ya gari."

"Mimi si wao," nikasema.

"Najua. Kichwa yangu inajua. Mwili hapana jua." Alisema polepole, bila kulia. "Kila ukigonga, nakaa hapa kwa kitanda. Nashika hii godoro. Nangoja moyo inapoa, ndiyo nakuja kufungua. Miaka tatu. Nilisema itaisha. Haikuisha. Nataka mwanaume akiongea nje ya mulango, mimi nabaki nimesimama."

Mlango ule ulikuwa unachelewa kufunguliwa siku zote. Nilikuwa nasimama nje na mkate wangu au sabuni yangu, natabasamu peke yangu, nikiamini yumo ndani anachana nywele kwa ajili yangu.

Hasira juu ya rafiki yangu ninayo mpaka leo, imekaa vizuri mahali pake, na sina haja ya kuitoa. Hasira juu ya msichana sikujua niiweke wapi. Alinisaliti, hilo halina mjadala. Alininyima hata nafasi ya kujua, akaniacha niende mpaka kisiwani na sabuni ya mama yangu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kumwambia pia kwamba nampenda, kwamba nitajifunza kunong'ona, kwamba pole ya kaka yake sikuwahi kuitoa kama inavyostahili. Nilifungua mdomo. Yote yalikuwa yamekuja kwa Kiswahili, na yeye alikuwa bado ameshika godoro.

Nikaufunga mlango kwa upole nikashuka ngazi.